Usiulize fundi wa MK, uliza nani alikuwa anafungua TK

Swali ninaloulizwa sana kuhusu lori langu si bei wala linakunywa mafuta kiasi gani. Ni hili: "Mama, hili dude nani anakutengenezea?" Wengi wanaouliza wana la kwao mahali: Unimog iliyolala nyuma ya nyumba kule Usa River, Land Rover ya jeshi isiyo na gia boksi, Mercedes 911 aliyoiacha Mzungu fulani akaahidi kurudi. Leo nijibu kwa kirefu, ili mwingine akiniuliza nimwambie tu akasome.

Langu ni Bedford MK, lori la tani nne la jeshi la Uingereza, magurudumu yote manne yanavuta. Lilipotoka jeshini lilibebeshwa wale watalii wa safari ndefu wanaoteremka kutoka Nairobi kuelekea kusini huku wakijipikia njiani. Kampuni ilipofunga biashara nikalinunua. Kwangu linabeba mahema, majiko, meza na matanki ya maji kwenda kambi za upande wa Engaruka na Ziwa Natron, mahali ambapo Fuso hufika kwa maombi. Rangi ya kijani niliiondoa mapema, sasa ni krimu. Kuzunguka Arusha na lori la rangi ya jeshi ni kujitafutia maswali.

Shida ya Bedford ni kwamba mwenye nayo hayupo tena. Ilikuwa mali ya Vauxhall, chini ya General Motors, malori yakitengenezwa Dunstable. Mwaka 1987 kiwanda kikauzwa, kikaitwa AWD, na mwaka 1992 nacho kikafilisika. Kwa hiyo hakuna wakala wa kumpigia simu na hakuna kijana wa kampuni mwenye kompyuta. Kuna wewe, lori, na yule utakayemkabidhi funguo.

Ukiingia nalo gereji za Unga Limited au barabara ya kwa Mrombo utasikia moja kati ya kauli mbili. Ya kwanza: "Mama, hii tung'oe injini tufunge ya Isuzu, utasahau shida." Ya pili: "Hii naijua, nimezitengeneza nyingi sana." Mimi naiogopa zaidi ya pili, maana wa Isuzu angalau amekiri kwamba injini iliyopo haijui. Lakini yeye pia mwulize: mguu ukikuuma utabadilishiwa moyo? Injini ya MK haikuwa na tatizo. Ukiing'oa inabidi utengeneze upya vishikio, uunganishe gia boksi ya watu wengine na ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, uhamishe rediata, ukate propela shafti. Ukimaliza unakuwa na gari ambalo hakuna mtu duniani mwenye kitabu chake.

Mimi yaliyonipata yalikuwa ya breki. Breki za MK ni za maji zinazosaidiwa na upepo: unakanyaga pedali, upepo wa kwenye tanki unasukuma, maji yanabana. Nililipeleka kwenye gereji moja kubwa ya mjini kufanyiwa sevisi ya kawaida. Likatoka linang'aa. Safari iliyofuata, tukiwa tumepita Makuyuni, dereva wangu akasema lori zito, kama tunavuta trela. Tulipofika Mto wa Mbu akashuka, akapitisha kiganja karibu na kila gurudumu. Yote manne yalikuwa ya moto, na harufu ya lainingi iliyoungua ilikuwa imeshatutangulia dukani tulipotaka kununua maji.

Nikawarudishia wale wale. Wakasema lainingi mpya zinajizoesha. Baadaye ikawa masta silinda, ile pampu inayosukuma maji ya breki, tukanunua vikombe vyake, yaani mipira ya ndani. Baadaye ikawa kompresa. Kila jina jipya lilikuja na risiti yake, na lori likaendelea kubana. Sikuwahi kuoneshwa chochote. Niliambiwa tu, tena kwa sauti ile ya kumtuliza mgonjwa.

Aliyenitoa hapo hakuwa fundi, alikuwa dereva mstaafu, mzee wa Kichaga niliyemkuta Moshi kwenye msiba. Nilikuwa nalalamika kwamba hakuna fundi wa MK kaskazini nzima. Akacheka. "Mwanangu, unauliza vibaya. Hiyo MK kichwa chake na injini yake ni za TK. Usiulize fundi wa MK, uliza nani alikuwa anafungua TK."

Ni kweli kabisa. TK lilikuwa lori la kiraia la Bedford, na watu wa umri wa mama yangu wanalikumbuka vizuri. Injini ya MK ni ile ile ya silinda sita, inchi za ujazo 330, yaani lita 5.4. Jeshi liliifanyia marekebisho iweze kula dizeli, petroli na karibu chochote kitakachopatikana vitani. (Dereva wangu alipolisikia hilo akaanza kuuliza bei ya mafuta ya taa. Nilimkata macho. Hapa linakula dizeli, basi.) Kwa hiyo kuanzia siku ile nikaacha kuzunguka gereji, nikaanza kuuliza madereva wastaafu. Dereva wa zamani anajua nani alimwamsha usiku gari likiwa limekufa Same, na anajua pia nani alimwacha.

Majina mawili matatu yakawa yanajirudia. Mmoja wao ndiye ninayekwenda kwake mpaka leo, ana karakana Pasua, hapo Moshi, chini ya mwembe, bila kibao. Vijana wake wanamwita Meku, yaani mzee kwa Kichaga, na mimi nikisema mzee kuanzia hapa ni yeye. Sitamtaja jina wala kutoa namba yake, ana kazi za kumtosha na hapendi simu.

Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, akazunguka lori bila kugusa kitu. Swali lake la kwanza halikuhusu gari linafanya nini. Aliuliza: "Mara ya mwisho kuongezwa maji ya breki, uliliona kopo lake?" Sikuwa nimeliona. Akamtuma kijana alete bomba la sindano na chupa ya maji ya kunywa iliyobaki nusu. Akavuta kidogo kutoka kwenye kikopo cha maji ya breki, akamimina ndani ya chupa, akaitikisa, akanipa nishike mwenyewe. "Subiri," akasema. Tukasubiri. Kile kimiminika kikapanda juu, kikatulia.

Maji ya breki yaliyotakiwa humo, akanieleza, huchanganyika na maji ya kawaida usiyaone tena. Kinachoelea ni mafuta. Mtu aliongeza haidroliki, ile ya kwenye mitambo, na mpira wa breki za namna hii ukinywa mafuta unavimba. Ukivimba ndani ya masta silinda unaziba kile kitundu kidogo ambacho maji hurudia ukiachia pedali. Maji hayarudi, breki haziachii, gurudumu linachemka. Alifungua kikombe kimoja, akakiweka juu ya gazeti karibu na kipya. Hata mimi nisiyejua spana niliona tofauti.

Dawa yake haikuwa ya bei rahisi. Kila kitu cha mpira kilitoka, hozi zote zikabadilishwa, mabomba yakasafishwa kwa spiriti kabla ya kujaza maji mapya na kutoa hewa gurudumu kwa gurudumu. Lakini nililipa nikijua ninalipia nini. Na wale wa mjini hakuwasema hata kidogo. "Makopo yanafanana," basi.

Tangu hapo nimeona mafundi wengine wakija kumsaidia, na nimejifunza kuwapima kabla hawajagusa. Naangalia spana. Bedford ni ya inchi. Namba 19 ya milimita inakaa kwenye nati ya robo tatu inchi bila neno, maana robo tatu ni milimita 19.05. Lakini nusu inchi ni 12.7, na fundi atakayeleta 13 na kuikandamiza atakuachia nati ya duara. Mzee ana zake za inchi, amezifunga kwenye turubai, na haziazimwi. Kijana mmoja alikuja na seti mpya ya milimita inayometameta, akaambiwa akae kwenye benchi aangalie kwanza.

Halafu naangalia anavyofungua tairi la kushoto. Malori mengi ya Kiingereza ya enzi zile, langu likiwemo, yana nati za kushoto ambazo thredi zake zimegeuzwa: unapodhani unafungua, unakaza. Fundi maiko, yule wa kubahatisha, atachukua bomba refu, aliunganishe na spana, aning'inie mpaka stadi, ile bolti inayoshika nati, ikatike, kisha akuambie ilikuwa na kutu. Mtu makini anafuta tope kwenye ncha ya stadi kutafuta herufi L kabla ya kuinua mkono. Kitendo kidogo sana hicho, lakini mimi nikikiona natulia.

Umeme ndio mzee hakuugusa, na hapo ndipo nilipozidi kumwamini. Alisema wazi, "Mimi wa vyuma," akanipeleka mwenyewe kwa kijana mmoja Majengo, aliyesomea VETA. Kijana akakuta waya wa redio na wa kuchajia simu umechukuliwa kwenye betri moja tu. Mfumo wa MK ni wa volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatana. Ukinyonya betri moja, ile moja inashinda na njaa na mwenzake anajazwa kupita kiasi, na kila baada ya muda unanunua betri ukilaumu duka. Akaweka kifaa cha kushusha 24 kuwa 12. Sijabadilisha betri tangu wakati huo. Pampu ya dizeli nayo ina mtu wake, na beringi na bushi za kuchonga zina mtu wa mashine ya kukereza. Mzee hujitwisha ile pampu kwenye boda, anaipeleka na kusimama palepale mpaka irudi. Nadhani hicho ndicho nilikuwa natafuta muda wote nikidhani natafuta mtu anayejua kila kitu.

Sasa la fedha, maana mtaniuliza. Spea nanunua mwenyewe, fundi akiwa pembeni. Kila mtu anajua duka humpa fundi cha juu, na mimi cha juu hakinikoseshi usingizi, mtu ametembea juani kwa ajili yako. Kinachonikera ni kile kifaa kilichotolewa kutoonekana tena. Kwa mzee vyote vya zamani hurudi kwangu kwenye kiroba, hata vikombe vilivyooza. Vina namba. Spea za jeshi la Uingereza huandikwa namba ya NATO yenye tarakimu 13, na ukiona 99 kwenye tarakimu ya tano na ya sita ujue ni ya kwao. Ukiwa na namba hiyo unaweza kumwandikia muuzaji yeyote Uingereza na mkaelewana bila picha. Beringi nazo huwa na namba zao za kawaida, duka lolote la beringi mjini linazisoma. Vitu vya injini vya TK hupatikana hata kutoka Pakistani, ambako Bedford zimepakwa maua na tausi na bado zinabeba mizigo.

Kwa sasa nahitaji oili sili za habu za mbele, zinavuja upande wa kulia. Mwenye kujua duka lenye sili za vipimo vya inchi, Arusha, Moshi au hata Nairobi, aniandikie hapo chini. Ila usiniambie za Fuso zinaingia. Mzee ameshazipima.