Gumegume, fataki na bastola

Bibi yangu kule Tanga akimchoka mwanaume asiyejishughulisha alikuwa anasema "gumegume tu yule", na mimi nimekua na hilo neno mpaka utu uzima bila kujua kwamba ni neno la bunduki. Gumegume ni bunduki ya zamani ya jiwe. Unashindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, unaweka baruti kidogo nje kwenye kisahani, ukifyatua jiwe linagonga chuma, cheche inadondokea kisahani, moto unapenya kwenye kitobo unaingia ndani, ndo inalia. Au hailii kabisa, maana baruti ikishika unyevu au jiwe likishakuwa butu unasikia ta! halafu kimya. Nilipolijua hilo nikamwelewa bibi.

Tangu hapo nimekuwa nasoma habari za bastola kila nikipata muda, na kitu nilichokiona ni kwamba historia yake karibu yote ni ya moto, yani namna ya kuwasha baruti haraka bila kukosea. Mwanzoni bunduki zilikuwa zinawashwa kwa utambi unaowaka, sasa utambi wenye moto utauficha wapi kwenye nguo? Miaka ya 1500 mwanzoni huko Ulaya wakatengeneza kigurudumu cha chuma chenye springi, unakikaza kwa ufunguo kama saa ya ukutani, ukifyatua kinazunguka kinasugua jiwe cheche zinatoka. Hapo ndo mtu akaweza kutembea na silaha ndogo imeshajazwa tayari, kwenye farasi au chini ya joho. Ila ilikuwa ghali mno, kazi ya fundi saa kabisa, kwa hiyo jiwe la kugonga likaja kuishinda kwa urahisi wake na likatawala miaka 200 na zaidi.

Aliyeliondoa jiwe ni mchungaji wa kanisa! Alexander Forsyth wa Scotland alipenda kuwinda ndege, na ndege walikuwa wanauona ule mwako wa kwenye kisahani wanaruka kabla risasi haijawafikia. Akatafuta kemikali inayolipuka kwa kugongwa tu, akapata hataza yake (yani haki ya kisheria ya mvumbuzi) 1807, na baadae wengine wakaitia kwenye kikofia kidogo cha shaba. Kikofia hicho kwa Kiswahili ndo fataki. Leo ukisema fataki watu wanawaza mwaka mpya, au lile lizee linalorubuni wasichana wa shule, lakini kwenye kamusi za zamani utaikuta kwenye bunduki.

Bila fataki Samuel Colt asingefika popote. Inasimuliwa alichonga mfano wa bastola yake kwa mbao akiwa kijana baharini, na 1836 akapata hataza Marekani ya bastola yenye silinda inayozunguka. Kampuni yake ya kwanza ilikufa, watu hawakununua, mpaka 1847 Kapteni Samuel Walker wa Texas aliposhirikiana naye na serikali ikaagiza bastola 1,000. Hiyo ndo rivolva, ukiitazama kwa mbele unaviona vichwa vya risasi vimekaa kwenye vyumba vyake. Miaka kumi baadae kampuni ya Smith & Wesson wakatoa yao inayotumia risasi za ganda, na kushindilia baruti kukaanza kuondoka.

Aina ya pili ndo hizi mnazoziona kiunoni kwa polisi siku hizi, semi otomatiki, risasi zinakaa kwenye magazini ndani ya mpini. Ukipiga, nguvu ileile ya mlipuko inasukuma sehemu ya juu irudi nyuma, ganda tupu linaruka nje, springi inarudisha mbele na kubeba risasi nyingine. Bingwa wa hizi kwangu ni John Browning, mbunifu wa bunduki wa Marekani. Bastola yake ya .45 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi) ilipojaribiwa na jeshi la Marekani ilipigwa risasi 6,000, ikichemka sana inatumbukizwa kwenye maji inaendelea, na 1911 ikapokelewa, ikakaa jeshini mpaka 1985. Glock ya Austria ilikuja 1982, fremu ya plastiki, risasi 17, na Gaston Glock kabla ya hapo hakuwahi kutengeneza bunduki, alikuwa mtu wa visu na vyuma vya mapazia. Naiheshimu lakini hainivuti sana.

Rivolva ndo inanigusa, na sababu ni moja. Waingereza walikuwa na rivolva zao za Webley, unaikunja katikati kama unavunja kijiti na maganda yote yanatoka kwa pamoja. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi akakamatwa karibu na msitu kule Nyeri. Kiongozi wa Mau Mau, miaka yote ile ya vita msituni, wakoloni hawakumshtaki kwa vita. Walimshtaki kwa kukutwa na Webley Scott ya .38, na hiyo peke yake wakati ule wa hali ya hatari ilitosha kumnyonga, wakamnyonga gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Shtaka la pili lilikuwa la risasi. Zilikuwa 6, yani silinda moja imejaa.