Penseli haisomeki kwenye mpangapanga

Wiki hii nzima niko na meza ya mpangapanga, ile mbao ngumu nyeusi, pale karakana, Mbauda, na nimeona niandike hili jambo la kupima na kuweka alama kwenye mbao nyeusi maana vijana wengi wanaoanza useremala hapa Arusha wanafundishwa kwenye paini na sipresi, mbao nyeupe, penseli ikigusa tu mstari unauona toka mlangoni. Siku ukiletewa mpangapanga, au mkongo uliokolea, ile penseli ni kama hujachora kitu. Unainama, unageuza mbao, unatafuta.

Na mpangapanga una shida yake ya ziada, una mistari yake wenyewe. Ukiuranda vizuri unaona michirizi ya kahawia hafifu inapishana na nyeusi, ndo uzuri wake huo watu wanaoulipia, ila kwa fundi ni mtego. Mwaka wangu wa pili kazini nilichora tundu la mguu wa meza kwa penseli, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikashika patasi na nyundo nikafuata mchirizi wa mbao nikijua ndo mstari wangu. Milimita tatu nje. Mguu mzima ukatupwa, na mbao yenyewe imetoka kusini huko, si ya kwenda kuchukua nyingine jioni hiyo hiyo. Niliumia sana. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakunigombeza, alichukua ule mguu akanionyesha, akasema, "Mwanangu, we unachora na mbao nayo inachora. Mstari usiuchore, ukate."

Tangu siku ile nakata. Nina kisu nilichochonga kwa kipande cha msumeno wa chuma, kimenolewa upande mmoja tu, ule upande bapa ndo unalala kwenye skwea, kile kipimo cha pembe mraba. Mkono wa kwanza unapita mwepesi kabisa, kama unamkuna mtoto, halafu wa pili na wa tatu ndo unakaza kidogo. Ukikandamiza mara ya kwanza kisu kinafuata nyuzi na kinaondoka kwenye skwea kabla hujashtuka. Mstari uliokatwa hata usipouona unaupata kwa kucha, na patasi ukiileta pale inaingia yenyewe, haitelezitelezi.

Kuuona sasa. Kwa muda mrefu nilikuwa nakazana na taa, naongeza balbu juu ya benchi, wapi. Siku moja umeme umekatika nikawasha tochi ya simu nikailaza pale pale kwenye benchi pembeni ya mbao, mwanga ukapita chini chini, na mistari yote ikajitokeza, kila mmoja na kivuli chake! Taa ya juu inafuta vivuli, ndo maana ilikuwa hainisaidii. Siku hizi hata umeme ukiwepo nazima ile ya juu nikifika kwenye kuweka alama.

Wengine wanapaka chaki nyeupe kwenye mstari wa kisu halafu wanafuta kwa kitambaa, chaki inabaki kwenye mfereji tu. Inafanya kazi, lakini angalia mbao gani. Mpingo vitundu vyake ni vidogo mno, chaki inafutika vizuri (ila mpingo ni wa vishikio na urembo, miti yenyewe myembamba na imepinda, nani atakupa mbao ya meza). Mpangapanga vitundu vyake viko wazi, chaki inaingia humo na haitoki kirahisi, ukipiga vanishi unakuta vidoti vyeupe kama umemwagiwa unga. Kwa hiyo chaki naitumia ndani ya maungio tu, au pale ambapo randa itapita tena.

Kwa nje natumia tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi. Nabandika, napima juu yake kwa penseli, na hapo penseli inasomeka safi, kisha nakata kwa kisu mpaka kwenye mbao, halafu nabandua ule upande unaotakiwa kuondoka. Inayobaki ndo inayobaki. Hata kijana wa kujifunza hawezi kukosea akate upande gani, na kwenye ndimi za maungio, zile zinazoingia kwenye tundu, hilo linaokoa mbao nyingi kuliko unavyodhani. Tepu isilale usiku kucha tu, gundi yake inashika.

Geji ya pini, ile ya kuchora mstari sambamba na ukingo wa mbao, nayo inasumbua, pini inakwangua na kufuata nyuzi. Yangu nimeipiga tupa ikawa kama kisu kidogo, imetulia.

Miguu minne sipimi mmoja mmoja kwa futi. Naibana yote pamoja kwa klempu, napitisha mstari mmoja juu ya yote minne, na vipimo vyenyewe nimeviweka kwenye kijiti cha paini ambako penseli inaonekana: mwisho wa mguu, mwanzo wa tundu, mwisho wa tundu. Nalaza kijiti, nachoma alama kwa ncha ya kisu, basi.

Kesho naingia kwenye vichwa vya mbao, zile ncha zilizokatwa kwa msumeno, ambako hata mstari wa kisu unapotea kabisa kwenye nyuzi zilizokatwa. Hapo napaka kichwa chote chaki kiwe cheupe pe, halafu nachora kwa penseli juu yake, na kikishaisha kazi nakipunguza kwa randa.