Mzigo Niliompelekea Hawe

Hawe alikuwa akipukuchua mahindi chini ya mwembe nilipoiweka rekoda juu ya kinu kilichopinduliwa na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kama tulivyofundishwa. Aliitazama taa nyekundu ikiwaka, kisha akarudi kwenye gunzi lake. Ilikuwa Aprili 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimeikatakata barabara ya Mombasa, na safari ya usiku mmoja kutoka Nairobi ilikuwa imenichukua siku nzima na nusu. Lakini nilikuwa nimefika kwetu, upande wa Kaloleni, na maswali yangu 24 yalikuwa makavu ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwetu Wagiriama, hawe ni nyanya. Huyu alikuwa mama yake baba.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea ualimu, na somo langu kubwa lilikuwa dini. Nyumbani wengi walishika kwamba nasomea uchungaji. Kila likizo nilieleza upya: kule hatufundishwi kuhubiri. Tunaisoma dini kama mtu anavyosoma historia au sheria, imetoka wapi, inashikwa vipi, inawafanyia nini walio nayo. Darasani tulikuwa Waislamu, Wakatoliki, Waadventista, Waanglikana kama mimi, na kijana mmoja asiyekuwa na dini yoyote. Mwalimu wetu, mama wa makamo tuliyemwita Daktari, alitutaka sote tuziache imani zetu nje kama viatu mlangoni mwa msikiti: unaviacha, huvitupi, na ukitoka unavikuta. Njia hiyo, alituambia, ilikuwa imekuzwa sana na Ninian Smart, aliyeanzisha idara ya masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, mwaka 1967. Mimi nilimwamini tangu siku ya kwanza. Nililelewa katika nyumba ambamo baba, mzee wa kanisa, hakutaka hata kulisikia neno koma, tunalowaitia marehemu wetu, na hapa palikuwa mahali ambapo neno hilo liliandikwa ubaoni kwa heshima ileile ya neno Utatu.

Wiki moja kabla ya likizo, Daktari alitufundisha watu wawili waliopingana. Jumanne ilikuwa zamu ya John Mbiti, Mkamba wa Kitui, kasisi wa Kianglikana aliyefundisha Makerere, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 kilikuwa kikisomwa kila mahali dini za Kiafrika zinaposomwa. Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya nguzo za hoja yake. Marehemu, alisema, bado yumo katika sasa maadamu yupo mtu aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Siku atakapokufa mtu wa mwisho anayemjua, ndipo yule marehemu anapoingia katika zamani, kundi la wasio na majina. Nakumbuka nilivyokaa wima kwenye kiti. Maneno niliyoyatumia sokoni na jikoni yalikuwa yamebeba jambo zito kiasi kile, nami sikuwa nimelijua.

Alhamisi akaja Okot p'Bitek, Mwacholi wa kaskazini mwa Uganda, mshairi aliyesomea anthropolojia Oxford. Yeye aliwakabili wote, wamishonari, wanaanthropolojia wa Kizungu na hata Mbiti, kwa kosa moja: mmewavika miungu ya Kiafrika kanzu za Kigiriki. Anajua yote, anaweza yote, yuko kila mahali. Haya, alisema, mmekuja nayo wenyewe. Daktari akatusimulia kisa alichokiandika Okot. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwakalisha chini wazee wa Kiacholi, wakawauliza ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana ile, kwa hiyo swali likageuka kuwa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakasema watu huzaliwa na mama zao. Wakabanwa, lazima yuko aliyemfinyanga yule wa kwanza. Mwishowe mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akishikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo, mgongo ukapinda, husemwa kafinyangwa na Rubanga. Akajibu: Rubanga. Mapadri wakaandika. Jina la pepo wa kibiongo likawa jina la Mungu katika mahubiri.

Tulicheka sana. Kisha Daktari akatugawia kazi ya likizo. Alikuwa katikati ya utafiti kuhusu jinsi watu wa pwani na wa Ukambani wanavyomtaja Mungu na marehemu, na kila mmoja wetu alitakiwa kwenda kumhoji mzee mmoja wa kwao. Mimi nilipewa rekoda ya idara na kaseti moja ya dakika 60.

"Hawe," nikaanza, "je, Mulungu ndiye aliyeumba vitu vyote?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Yuko kila mahali?"

"Ndiyo."

"Anayajua yote tunayoyafanya?"

"Ndiyo, anayajua."

Mahindi yalikuwa yakidondoka kwenye uteo. Nilipofika kwenye koma nikauliza kama koma huwapelekea Mulungu maombi ya watu. Ndiyo, mwanangu. Nikauliza kama Mulungu yuko juu ya koma. Ndiyo. Nilifurahi mno. Kila jibu lilikaa palepale nilipoliachia nafasi, na kabla kaseti haijafika mwisho wa upande wa kwanza maswali yote 24 yalikuwa yamekwisha. Nikazima. Taa nyekundu ikatoweka.

Hawe akaupepeta uteo mara mbili, makapi yakaruka, akaniambia bila hasira yoyote: "Mgeni akija na mzigo, si unampokea? Umekuja na mzigo mzito kutoka Nairobi, nami nimekupokea. Sasa keti upumzike."

Sikujibu. Nilihisi uso wangu ukipata moto, maana nilimwona mzee wa Kiacholi, nikawaona mapadri, nikajiona mimi kati yao nikiwa na kalamu. Siku kumi hazijapita tangu nikicheke kisa kile. Na mapadri walikuwa wageni, ilhali mimi nilizaliwa hatua mia moja kutoka kwenye mwembe ule.

Usiku sikulala vizuri. Alfajiri, jogoo wa pili, hawe alinigonga begani. Alikuwa amevaa hando lake, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, na ameshika kata ya pombe ya mnazi. "Njoo. Kile kidude kiache."

Nyuma ya nyumba, kando ya mbuyu, palikuwa na vigingi vinne vya mti mgumu, virefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, vimechomekwa ardhini kwa mstari. Nilivijua tangu utotoni kama mahali nilipokatazwa kuchezea. Hizo ndizo koma. Marehemu huitwa koma, na kigingi chake nacho huitwa koma. Babu yangu hakuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye cheo ambao huchongewa vigango, yale magogo makubwa yenye kichwa na nakshi za pembetatu. Vigango miaka ile vilikuwa vikiibwa mashambani na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, vingine vikiishia kwenye majumba ya makumbusho Marekani. Ilipita miaka mingi kabla viwili kati yake havijarudishwa kwa wenyewe, mwaka 2007. Kwa hiyo mtu aliyekuja na kifaa na kuuliza habari za wafu hakuaminiwa upesi, hata akiwa mjukuu. Nami leo naona walikuwa na haki kabisa.

Kigingi cha babu kilikuwa kimefungwa vitambaa vitatu, chekundu, cheupe na cheusi. Chekundu kilikuwa kimepauka kikawa na rangi ya udongo, ila ndani ya fundo, pale jua lisipofika, kilikuwa bado chekundu kabisa. Hawe alichuchumaa, akamwaga mnazi kidogo kidogo, akaanza kuzungumza. Nilitazamia sala. Alikuwa akitoa habari: mbuzi mwenye doa alizaa, mmoja akafa, paa la jikoni linavuja, huyu binti wa mwanao amekuja kutoka Nairobi, amekonda, ana maswali mengi, mwangalieni njiani atakaporudi. Sauti yake ilikuwa ileile aliyoitumia kuongea na jirani ng'ambo ya ua.

Halafu akataja majina. La babu, la kaka yake babu, la baba yao, la shangazi mmoja, na mengine mawili niliyoyasikia kwa mara ya kwanza. Baada ya jina la sita akanyamaza kidogo, akamwaga tone la mwisho pembeni kabisa, pasipo na kigingi. "Na ninyi wengine ambao sina majina yenu."

Nilikuwa nimesimama juu ya mpaka aliouchora Mbiti. Hapa sasa iliisha, pale zamani ilianza, na kati yake palikuwa na tone moja la mnazi. Kwa muda wa nusu siku nilikuwa nimemwona Okot akisema kweli kuhusu maswali na Mbiti akisema kweli kuhusu majina, na tangu hapo sijaona haja ya kumtupa mmoja ili kumtetea mwenziwe.

Tukirudi nyumbani nikamwomba aniruhusu kuyaandika majina yale. "Hayo si ya kaseti," akasema. "Wewe yashike."

Nairobi nilimweleza Daktari yote ofisini kwake. Aliiweka kaseti, tukaisikiliza mpaka mwisho, ndiyo moja baada ya nyingine, na nyuma yake mahindi yakidondoka. Aliniuliza majina sita yalikuwa yapi. Nikamwambia alivyosema hawe. "Basi si ya karatasi pia," akasema, akafunika kalamu. Kisha akavuta fomu ya utafiti wake mwenyewe, akafungua ukurasa wa sifa za Mungu, akaanza kupita swali baada ya swali, akiweka alama kando ya kila moja ambalo mtu angeweza kulijibu ndiyo. Mengi yalipata alama. Aliniagiza niandike ripoti juu ya maswali yangu, niache majibu. Ilikuwa kurasa tisa, na ndiyo kazi ya chuo ninayoipenda kuliko zote nilizoandika.

Desemba nilienda tena, na sukari na majani ya chai. Hawe alikuwa palepale chini ya mwembe. Aliutazama mfuko wangu, akauinua kuupima uzito, akauweka chini. Akanisogezea uteo na gunzi la mahindi, nikaketi nikapukuchua.