Siku moja maishani mwangu: mkalimani wa wagonjwa Chennai, siku ya kura

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inaita, naona ni mzee wangu wa Tanga, nikaruka kitandani nikajua kazidiwa. Wapi. Anataka kujua vituo vya kura vimefunguliwa au bado. "Shikamoo mzee, bado, mpaka saa moja." "Marahaba mwanangu, basi wahi kuja."

Kwa wasionijua, nilikuja Chennai kusoma, nikamaliza, nikabaki, sa hivi kazi yangu ni ukalimani kwa wagonjwa wanaotoka nyumbani. Figo, moyo, mgongo, mimi ndo naingia nao kwa daktari, natafuta lodge, nabishana na madereva wa bajaji kwa Kitamil changu cha kuungaunga. Na siku yenyewe ni Ijumaa tarehe 19 Aprili 2024, jimbo letu lote la Tamil Nadu, kusini mwa India, linapiga kura ya bunge la India, viti 39 siku moja, wakati nchi nzima inaenda kwa awamu saba mpaka tarehe 1 Juni. Mgonjwa wangu ana miadi saa nne. Kumbe mwaka 1995, kwenye uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi, alikuwa karani wa kituo cha kura. Hapo ndo nilipoingia choo cha kike.

Saa moja nashuka kunywa kahawa. Greams Road siku zote ni makelele ya honi tu, leo unasikia mpaka kunguru. Maduka karibu yote yamefungwa, ya pombe ndo usiseme, serikali imeyafunga tangu Jumatano. Muuza kahawa anamimina kutoka kikombe cha bati kwenda kwenye kibakuli chake, juu chini juu chini, macho yako kwenye TV, wanamsubiri Rajinikanth, yule nyota wa sinema, aje kupiga kura chuo cha Stella Maris.

Saa mbili niko lodge. Akka anayefanya usafi (akka ni dada, huku ndo unamwita hivyo mwanamke aliyekuzidi) ameshapiga kura, aliwahi foleni ili awahi na kazi. Mzee akaomba aoneshwe kidole. Akka akaweka fagio chini akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, mstari wa zambarau iliyokolea umeanzia kwenye kucha ukashuka mpaka kwenye ngozi, bado unang'aa. Mzee kavaa miwani kaukagua kama anakagua noti ya elfu kumi. Wino huo unatengenezwa Mysore, kiwanda kimoja tu ndo kinapewa kazi hiyo nchi nzima tangu 1962.

Maswali yakaanza, na mimi ndo natafsiri. Karatasi ya kura ikoje? Hakuna karatasi mzee, ni mashine ya vitufe. Mashine moja? Kwetu hapa mbili, maana jimbo la uchaguzi la Chennai ya Kati lina wagombea 31 na kuna kitufe cha "simtaki yeyote", na mashine moja inabeba majina 16 tu. Kampa nani? Hapo nikakataa kutafsiri, ila akka alishaelewa, akacheka akasema kura ni siri, halafu bila kuulizwa akaongeza kwamba tangu Septemba mwaka jana anaingiziwa rupia 1,000 kila mwezi na serikali ya jimbo la Tamil Nadu na basi anapanda bure. Mzee akanigeukia: "Basi nishajua." Mwaka huo serikali ya jimbo ilikuwa ya DMK, chama cha hapa hapa, alama yao ni jua linalochomoza, chini yake milima.

Saa nne hospitali. Wagonjwa wachache, daktari naye kidole kina wino, nikajua tumekwisha. Dakika kumi za figo, dakika kumi na tano za uchaguzi. Daktari mwenyewe alifurahi kuulizwa, akaeleza kwamba ukibonyeza kitufe mashine inalia pii, pembeni kuna kidirisha, inatokea karatasi yenye alama ya uliyemchagua, inakaa sekunde saba halafu inadondokea kwenye boksi lililofungwa. Mzee akafumba macho akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka saba. "Inatosha hata asiyeona vizuri kutoa miwani mfukoni." Daktari akaniuliza mzee kasemaje. CT scan ikapangwa kesho saa moja asubuhi, leo ni dharura tu.

Sasa tatizo likawa hela. Ya kipimo inalipwa kabla, kadi ya mzee imegoma, dola anazo lakini maduka ya kubadilisha yamefungwa. Na kipindi hiki cha uchaguzi ukikutwa na zaidi ya rupia 50,000 taslimu bila maelezo zinashikiliwa, kwa sababu huku watu wanagawiwa hela za kura haswa. Wanaokuja kutibiwa Vellore wanapafahamu, basi 2019 uchaguzi wa Vellore ulifutwa kwa sababu ya mahela yaliyokamatwa, wakapiga Agosti wenzao wameshaapishwa. Kwa hiyo mimi natembea na barua ya hospitali, kopi ya pasi na risiti zote kwenye mfuko wa plastiki kama karanga. Tulivyotoka kuswali Ijumaa pale Anna Salai tukapata jamaa mmoja kafungua nusu mlango, rate yake mbaya, nikafumba macho nikabadilisha.

Saa tisa jua linachoma, mzee kakataa kurudi kulala, anataka kuona kituo. Dereva wa bajaji akatusogeza karibu na shule moja, tukasimama ng'ambo ya barabara maana sisi hatuhusiki. Vyama wameweka meza zao mbali na geti, wanawatafutia watu namba zao kwenye daftari. Foleni ni fupi mno. Dereva anasema Ijumaa mpaka Jumapili ni mapumziko, nusu ya jiji iko vijijini kwao. Sisi tuliokaa nje tunajua India ni Modi, na kweli tarehe 9 alikuja hapa Pondy Bazaar na msafara wake, nilikwama na mgonjwa kwenye foleni mpaka nikachanganyikiwa. Dereva nilipomtajia akatikisa kichwa tu, akasema huyo ni wa Delhi. Congress, chama cha kitaifa, walitolewa madarakani hapa 1967 na tangu hapo mpaka siku hiyo ya kura jimbo walikuwa wanapokezana DMK na AIADMK, vyama vya hapa hapa, kura iwe ya bunge la taifa au ya jimbo watu wanaongelea vyama vyao na lugha yao. (Nimechelewa kupost hii, matokeo yameshatoka. Bunge zima BJP, chama cha Modi, viti 240, chama kikubwa kuliko vyote. Hapa muungano wa DMK umebeba 39 kwa 39, hao wa Modi hawajapata hata kimoja. Nikamkumbuka dereva.)

Saa kumi na mbili vituo vinafungwa. Njiani kurudi mzee kimya, nikadhani kachoka. "Mwanangu, wanahesabu saa ngapi?" Nikamwambia tarehe 4 Juni. Akasimama. Akahesabu kwa vidole akapata siku 46. "Na mashine zinalala wapi siku zote hizo?" Za kwetu Loyola College, hapo Nungambakkam, chumba kimefungwa, polisi, kamera, na mawakala wa vyama wanaruhusiwa kulinda nje. Akasema kwao mwaka ule sanduku alikaa nalo mwenyewe, chooni alikwenda kwa zamu. Kusubiri huku kwa kweli hata mimi sijakuzoea, miaka yote niliyokaa huku.

Saa mbili usiku nampelekea dawa na chapati, TV inasema waliojitokeza ni asilimia 72.09. Akaandika kwenye kikaratasi cha dawa. Nikarudi kwangu nikajitupa.

Usiku wa manane tume wakarekebisha, 69.46. Nikafanya kosa la kumtumia meseji. Hapo hapo akapiga, mtu ambaye daktari kamwambia alale mapema. Kashapiga hesabu: waliojiandikisha ni milioni 62.3, tofauti ni watu milioni moja na laki sita. "Hao wamekwenda wapi mwanangu?" Mzee, ile ya kwanza ilikuwa makadirio. "Kesho tumuulize daktari." Mzee, kesho ni CT scan, anayekuwepo ni fundi wa mashine tu. "Na yeye si kapiga kura?"