Bunduki ya Kwanza ya Peintiboli: Mtutu Uje Mwisho

Wabongo wengi hapa Minnesota tunaingizwa na wenzetu wa kazini kwenye peintiboli, mchezo wa kupigana kwa bunduki zinazorusha vidonge vya rangi. Mnakodi vifaa, mnapakana rangi, mnarudi nyumbani na alama za duara mapajani huku mnacheka. Haipiti wiki, simu inalia: "Kaka, ninunue bunduki gani?"

Jibu langu huwaudhi: nunua kinyago kwanza. Viwanja vingi huweka kasi ya kidonge kwenye futi 280 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na jicho halina la kujitetea hapo. Vinyago vya kukodi mara nyingi vina kioo cha tabaka moja. Ukihema tu, ukungu. Na kukivua uwanjani ni marufuku, hata kama huoni kitu. Tafuta chenye kioo cha tabaka mbili, utoe hela bila kunung'unika.

Bunduki yenyewe isikuumize kichwa. Tippmann 98 ni ngumu kama jembe, mitumba yake imejaa, vipuri havisumbui, na unaifungua mezani kwa funguo za alen. Hizo za umeme zinazomwaga vidonge mfululizo ziache kwanza. Zitakumalizia sanduku la vidonge 2,000 kabla hujajifunza kujificha.

Ukitaka kuiboresha, anza na hewa, yaani gesi ya mtungini inayosukuma kidonge. CO2 (kaboni dioksidi) hukaa mtungini ikiwa kimiminika na huhitaji joto ili igeuke gesi. Baridi ya Oktoba ya huku ikiingia, presha inashuka. Ukifyatua harakaharaka, kimiminika kinapenya ndani, sili (vipira vya kuzuia uvujaji) zinaganda, na kidonge kimoja kinakwenda mbali huku kinachofuata kinaanguka karibu na miguu yako. Hamia kwenye hewa iliyoshindiliwa. Mtungi wa alumini wa psi 3,000 (psi ni kipimo cha presha) unamtosha mgeni. Wa nyuzi za kaboni wa psi 4,500 ni mwepesi na hubeba hewa nyingi zaidi, ila bei yake imechangamka. Wa mtumba usome tarehe kwanza: kwa kawaida mitungi hii hupimwa upya kila baada ya miaka 5, na uliopitwa hakuna uwanja utakaokujazia.

Mtutu ndio kila mtu anaukimbilia, eti ukiwa mrefu unapiga mbali. Wapi! Inchi 12 hadi 14 zinatosha, na masafa hayaongezeki. Afadhali hela hiyo uiweke kwenye vidonge vizuri. Ganda lake ni jelatini, likipata unyevu linavimba na kupasukia ndani ya mtutu.

Na hili ni la sisi weusi hasa: usivuke maegesho ya magari ukiwa na bunduki hii mkononi. Sheria ya shirikisho haiihesabu kuwa silaha ya moto, lakini jirani anayechungulia dirishani ataona bunduki tu, na polisi wataitwa kuja kwenye bunduki. Toa mtungi, vika mtutu soksi yake ya kuzuia kidonge kisitoke, tia kila kitu kwenye begi, funga zipu.

Siku ya kwenda kununua ya mtumba, nenda na mtungi wako uliojaa. Ufunge kwenye bunduki, kisha sikiliza. Ikivujia pale mtungi unapoingia, ni oringi tu, kipete cha mpira, kitu cha senti. Ikivujia mtutuni, sili ya vali imechoka. Hapo mshushe bei.