Kushika mbwa Anchorage

Watu wakisikia nilijitolea kwenye Iditarod, mbio za Alaska za sleji (vigari vya kuteleza juu ya theluji) zinazovutwa na mbwa, wanadhani nilikuwa napiga picha. Thubutu! Nilipangiwa kushika mbwa. Jumamosi ya kwanza ya Machi mashindano hufunguliwa kwa shamrashamra katikati ya Anchorage, na barabara ya Fourth Avenue humwagiwa theluji ya kuletwa na malori. Mbio zenyewe huanza kesho yake, kwa kawaida Willow, hadi Nome, kama kilomita 1,600.

Kazi yetu ni kuwazuia mbwa wasichomoke kabla ya zamu yao. Usicheke. Si majibwa, wengi ni wembamba, kilo 20 na ushei, lakini kundi zima likivuta unaburuzwa na buti zako. Wanaruka, wanabweka hadi hamsikilizani, kila mguu umevishwa kisoksi cha kitambaa barafu isiuchubue. Sleji ikiachiwa tu, kelele zinakatika. Wanakimbia kimya.

Mama akanipigia kutoka Tanga. Sijamaliza hata shikamoo: "Mwanangu, umeenda Marekani kuchunga mbwa?" Ndiyo mama, tena bila mshahara. Akaguna, kisha akauliza wanakula nini. Samaki, nyama na mafuta, nikamwambia, wananishinda mimi.