Kutoka Garissa hadi Eastleigh

Basi lilitoka Garissa alfajiri. Hata usingizi haujanishika, tukashushwa kwenye kizuizi kukaguliwa vitambulisho. Mimi ni mzaliwa wa Nairobi, kwetu Taita. Askari alikitupia changu jicho, akanirudishia. Mama niliyeketi naye, Msomali wa Garissa, alitoa chake. Kikageuzwa mbele na nyuma. "Baba yako alizaliwa wapi? Chifu wenu nani?" Akajibu yote kwa upole, kisha akaambiwa asimame kando, juani.

Ikawa hivyo kila kizuizi: mimi napita, yeye anabaki.

Tulipokaribia Mwingi nikashindwa kunyamaza. "Mama, huoni uchungu?"

"Mwanangu, nilianza haya wewe hujazaliwa."

Akafungua mkoba. Ndani ya mfuko wa plastiki mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha marehemu babake, na kadi ya waridi iliyolika kingo. Ni ya msako wa 1989, serikali ilipowapiga msasa Wasomali wa Kenya peke yao. Waliopita wakapewa kadi hiyo juu ya kitambulisho walichokuwa nacho.

Shuleni tulisoma kuhusu kipande cha mkoloni, sheria ya 1915, Mwafrika akitembea na karatasi zake kwenye kikopo cha chuma shingoni. Tukasoma kwamba Harry Thuku, mmoja wa waliokipinga, alikamatwa 1922, na watu wakapigwa risasi papa hapa Nairobi wakidai aachiliwe. Tulifundishwa kama mambo yaliyopita. Kumbe mzigo ulihamia shingo nyingine, na waliouhamisha ni sisi wenyewe, tukiwa huru.

Baada ya Thika tukapita uwanja wa Kasarani. Mimi uwanja ule naujua kwa mpira. Mama aligeuza uso. Aprili 2014, katika Operesheni Usalama Watch, msako wa polisi baada ya mashambulizi ya kigaidi, maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na wengi wakazuiliwa humo wachujwe. Mwanawe alikuwamo, kitambulisho kikiwa mfukoni. Ugaidi ulituumiza sote, Eastleigh pia. Lakini mlango uliobishwa usiku haukuwa wangu.

Sasa ni zamu ya mjukuu. Amemaliza kidato cha nne, anataka kitambulisho apate kusajili laini ya simu na kutafuta kazi. Ameambiwa alete wazee wa kumtambua. Wenzake wa darasani, Wakamba na Wakikuyu, hawakuambiwa hivyo.

Tuliposhuka Eastleigh nikamwomba mama namba yake. Jumatatu naandamana na kijana hadi ofisini. Akiulizwa babu yake alizaliwa wapi, nitaomba na mimi niulizwe.